Paka aliyegunduliwa na virusi vya lukemia: naweza kumchukua na hali nyumbani nina paka mwengine?

Mkaazi wa Fuoni

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa wale waliowahi kufuga paka mwenye virusi vya lukemia (saratani ya damu), au wenye elimu ya maradhi haya, kwa sababu nimekwishapewa maneno yanayopingana na muda nilionao wa kuamua si mrefu.

Jirani yangu amepata uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma na hawezi kuondoka na paka wake, ambaye ni jike aliyekwishafungwa kizazi, mwenye umri wa takriban mwaka mmoja na nusu. Miezi michache iliyopita alipimwa damu kwa sababu alikuwa akipata homa za mara kwa mara na fizi zake zilikuwa zimevimba, na jawabu likatoka kwamba ana virusi hivyo. Baada ya kutibiwa fizi amerudi katika hali yake: anakula, anacheza, na ukimtazama humdhanii kuwa ni mgonjwa. Hata hivyo kila aliyeombwa kumchukua amekataa mara tu alipolisikia jina la maradhi, na wapo waliomwambia jirani yangu kuwa njia iliyobaki ni kumchoma sindano ya kumaliza uhai wake, au kumpeleka Darajani sokoni ajitafutie pamoja na wenziwe.

Mimi niko tayari kumchukua. Kinachonizuia ni kwamba nina paka dume wa miaka 6 ambaye hajawahi kupimwa, wala hakuchanjwa chanjo yoyote isipokuwa ya kichaa cha mbwa, na mchana hutoka akazunguka juu ya mapaa ya majirani. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha uani ambacho tulikuwa tukiweka vitu na sasa kiko wazi, chenye dirisha la nondo na mlango wake wenyewe. Nyumbani pia wapo watoto wangu wanaosoma skuli ya msingi, na mama mkwe wangu ambaye ana kisukari na mwili wake si wa nguvu.

Ningependa kujua kama paka hawa wawili wanaweza kukaa nyumba moja, kama maradhi haya yanaweza kumfika mtu, na kama paka huyu ana maisha yoyote mbele yake au nitakuwa ninamrefushia mateso tu. Jengine linanikera moyoni: kumfungia kiumbe chumbani maisha yake yote si dhuluma? Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia.

Daktari wa Mifugo, Chake Chake

Wa alaykum salaam, dada. Nitaanza na mama mkwe wako na watoto, kwa kuwa hapo jawabu ni jepesi. Virusi hivi ni vya jamii ya paka. Tangu William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, walipovitambua mwaka 1964, vimechunguzwa kwa miongo mingi na haijathibitika kwamba vinamwambukiza binadamu. Mbwa, mbuzi na kuku pia hawaguswi. Lenye kuhitaji hadhari ni jambo jengine, nalo ni kwamba paka ambaye kinga yake imeshuka hubeba kwa urahisi minyoo, choa na vijidudu vya tumbo, na hivyo vinaweza kupita kwa mtu. Kwa hiyo paka apewe dawa ya minyoo kwa wakati wake, mama mkwe asiwe yeye wa kusafisha chombo chake cha haja, na mchanga utolewe kila siku bila ya kuulaza. Hili la kutoulaza lina sababu: vimelea vya toksoplasma, vikiwa vimo katika kinyesi, huhitaji kuanzia siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku huwa amevitangulia. Mwanamke mwenye mimba naye asiuguse mchanga huo.

Sasa nije kwenye maradhi yenyewe. Virusi hukaa kwa wingi katika mate, na vimo pia katika makamasi, mkojo, kinyesi na maziwa ya mama. Huenea pale paka wanapolambana, wanapokula sahani moja kwa muda mrefu, wanapotumia chombo kimoja cha haja, wanapong'atana, au pale mama anapowapa watoto wake tumboni na wakati wa kunyonyesha. Nje ya mwili wa paka havina nguvu: vikikauka hufa baada ya muda mfupi, na sabuni ya kawaida, maji ya moto au jiki huviua. Maana yake ni kwamba ukitoka chumba cha uani ukanawa mikono kwa sabuni na sahani ukazitenga, hutambebea dume wako maradhi kwenye nguo.

Kuhusu jike, kabla ya jambo lolote apimwe tena. Kipimo cha haraka kinachotumia matone machache ya damu hutafuta protini ya virusi iitwayo p27, na ingawa ni kipimo kizuri, jawabu moja la kuwa anavyo halitoshi kumhukumu paka, kwanza kwa sababu kipimo huweza kukosea, na pili kwa sababu miili ya paka haikabiliani na virusi hivi kwa namna moja. Wapo ambao kinga zao huvishinda na kuvifukuza kabisa. Wapo ambao kinga huvifunga ndani ya uboho wa mifupa, vikabaki vimelala bila ya kutoka kwenye mate, na paka wa namna hiyo anaweza kuishi umri wake wa kawaida. Na wapo ambao virusi huendelea kuzaliana katika damu yao. Hao ndio wanaoambukiza wenzao, na wengi wao hufa ndani ya miaka 3 tangu wagundulike, ama kwa upungufu wa damu, ama kwa saratani ya tezi, ama kwa maradhi mengine yanayopata njia kwa sababu kinga imeanguka. Kipimo kimoja hakitofautishi makundi haya. Kirudiwe baada ya wiki 6 kwa uchache, na ikiwezekana damu ipelekwe maabara kwa kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Daktari anayekuhudumia huko Unguja anaweza kuipeleka sampuli bara bila ya paka kupandishwa boti. Maadamu miezi kadhaa imeshapita tangu kipimo cha kwanza, kwenu kipimo cha pili kinaweza kufanywa wiki hii hii.

Dume naye apimwe, na hili nakuomba usilipuuze. Paka wa miaka 6 anayezunguka mapaani na kupigana na wenziwe anaweza kuwa navyo yeye mwenyewe bila ya wewe kujua, na ikiwa wote wawili wanavyo, suala la kuwatenganisha linaondoka. Akionekana hana, achanjwe. Chanjo ya lukemia ya paka ipo tangu miaka ya 1980. Hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki 3 hadi 4, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Haimsaidii paka aliyekwishaambukizwa, ndiyo maana kipimo kinatangulia. Wala haimlindi aliyechanjwa kwa ukamilifu, kwa hiyo hata baada ya chanjo singemweka dume wako chumba kimoja na paka ambaye virusi vimo katika damu yake. Paka mzima huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujikinga kuliko mtoto wa paka, lakini uwezo mkubwa si dhamana.

Mzee wa Michenzani

Mwanangu, daktari amekwishasema ya kitaalamu nami sitayarudia. Mimi na marehemu mke wangu tulimlea paka mwenye virusi hivi katika fleti kwa miaka kadhaa, na alikufa akiwa amelala miguuni petu, si kwa njaa wala kwa gari. Nitakueleza malezi yenyewe yalivyokuwa, maana kila mtu husema «mweke ndani», lakini wachache humwambia mwenziwe huko ndani awekwe vipi.

Dirisha la nondo halimzuii paka. Tafuta wavu wa chuma wenye matundu madogo, si ule wa plastiki wa kuzuia mbu ambao paka huuchana kwa kucha, na fundi aufunge juu ya fremu ya mbao ili uweze kuutoa na kuusafisha. Chini ya dirisha weka meza au rafu pana, kwa sababu paka aliyezuiwa kutoka anachohitaji kuliko vyote ni mahali pa juu pa kukaa akatazama ndege na wapita njia. Chumba cha uani kinaweza kuwa na joto kali wakati wa kaskazi, kwa hiyo hakikisha upepo unapita pande mbili, na maji yake yabadilishwe asubuhi na jioni.

Chakula ndicho kilichonisomesha zaidi. Sisi watu wa visiwani tumezoea kumtupia paka vichwa vya samaki vibichi na masalio ya mchuzi, na paka mzima hupita na hayo. Paka asiye na kinga hapiti. Samaki, nyama na mayai vyote vipikwe viive, na maziwa yasiyochemshwa asipewe kabisa. Mchuzi wetu una vitunguu, na vitunguu maji pamoja na thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa paka ambaye maradhi yake yenyewe hula damu, hilo ni kumwongezea msiba. Tulikuwa tukimchemshia samaki au kuku peke yake bila ya chumvi, tukamchambulia miba, tukamwagia na ile supu yake, kwa kuwa daktari alitufahamisha kwamba katika nyama na samaki mna kitu kinachoitwa taurini ambacho paka hawezi kuishi bila yake, na ukichemsha hutoka kikaingia kwenye maji. Wali si chakula cha paka. Ukiutia, uwe kidogo wa kuchanganyia tu. Pale tulipoweza tulinunua chakula cha paka cha dukani, kwa sababu hicho hupimwa viungo vyake, na sikuona haya kukinunua ingawa wapo waliosema kwamba pesa hizo zingelisha mtu.

Jambo la mwisho ni kumkagua. Kila wiki nilipanda mizani naye mikononi, kisha nikapanda peke yangu, nikatoa. Paka hukonda chini ya manyoya bila ya macho kuona, na mizani husema mapema. Nilimfungua mdomo nikatazama fizi: zikiwa za waridi ni salama, zikipauka damu imepungua na siku hiyo hiyo nampigia simu daktari. Kukataa kula kwa siku nzima, kupumua kwa haraka, kuharisha, jicho moja kuwa na mboni kubwa kuliko jengine, kujificha chini ya kitanda wakati si tabia yake, yote hayo kwa paka mwengine unaweza ukasubiri uone, lakini kwa huyu usisubiri. Maradhi madogo yakishikwa siku ya kwanza hutibika. Yakiachwa wiki, hapana.

Mwalimu wa Madrasa, Wete

Bibi, kuhusu hadithi uliyoitaja, iliyopokewa na Ibn Umar na pia Abu Huraira, iangalie mpaka mwisho wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibainisha kosa la mwanamke yule: alimfungia paka, naye hakumpa chakula wala hakumwacha akajilia wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Lawama imefungamana na kuzuiwa riziki. Mwenye kumweka kiumbe ndani kwa ajili ya kumhifadhi, akamlisha, akamnywesha na kumtibu, hayumo katika hukumu hiyo, bali anatarajiwa malipo, kwani imepokewa pia kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna thawabu.

Tena tunayo mafundisho ya kutenganisha. Abu Huraira amepokea kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Kwa hiyo kumtenga jike huyu na dume wako, na kumzuia asitoke kwenda kuwaambukiza paka wa mtaa, hakugongani na dini. Kinachonipa wasiwasi mimi ni hilo la kumpeleka Darajani. Huko atakuwa amenyimwa matunzo yeye mwenyewe, na wenziwe watakuwa wamepelekewa maradhi. Madhara mawili kwa kitendo kimoja. Ama kuhusu usafi wa nyumba na sala, paka si najisi, kama alivyopokea Abu Qatada kwamba paka ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Mlezi wa Paka, Malindi

Samahani, nitatofautiana kidogo na wenzangu, wala si kwa kukosa huruma. Mimi hulisha na kuwapeleka kwa daktari paka wa upande wa soko la samaki Malindi, na nimeona yale yanayofuata baada ya mtu kumchukua paka mgonjwa kwa moyo mwema bila ya kuwa na mpango. Nyumba yenye watoto haina mlango unaofungwa siku zote. Mtoto atasahau, dume ataingia uani, na jike ambaye amefungiwa peke yake atalia usiku mpaka mtu asema «waache tu wakae pamoja». Kwa maoni yangu nyumba inayomfaa paka huyu ni ile isiyokuwa na paka mwengine kabisa, au iliyo na paka mwenye virusi kama vyake, ambapo anaweza kuzunguka nyumba nzima na kulala na watu badala ya kuwa mgeni wa chumba kimoja. Paka hupenda utulivu, na huyu, kwa kuwa wasiwasi humshusha kinga, anauhitaji kuliko wengine.

Kwa hiyo ningemchukua, ndiyo, lakini kwa kumhifadhi tu kwa muda mpaka majawabu ya kipimo cha pili yapatikane. Ikiwa virusi havionekani tena katika damu, mambo yote yanabadilika na kumtafutia makaazi kutakuwa rahisi. Ikiwa vipo, basi kabla ya kuamua akae moja kwa moja, waulize wazee wanaoishi peke yao na watu wa fleti ambao hawana paka. Wapo wengi wanaotaka mnyama wa ndani asiyetoka, na paka huyu tayari amefungwa kizazi, amezoea watu, na hahitaji uwanja. Waambie ukweli wote, pamoja na huo wa miaka 3, kwa maana mtu aliyefichwa hurudisha paka siku ya kwanza ya homa.

Nalo hili liwafikie wanaosoma: maradhi haya katika mitaa yetu yatapungua kwa kuwafunga kizazi paka wa mitaani na kuwachanja wa majumbani. Dume asiyehasiwa hupigana, na kung'atana ni njia mojawapo ya kuambukizana. Dada, dume wako amehasiwa? Kama bado, siku atakayopimwa damu mweleze daktari.

Mkaazi wa Fuoni

Ahsanteni sana, nyote. Mzee wangu wa Michenzani, Mungu amrehemu mama yetu. Dume wangu hajahasiwa, na nimeshapanga na daktari apimwe pamoja na jike siku moja. Fundi wa wavu nimempata. Nimekubaliana na dada wa Malindi kwamba nimchukue kwa kumhifadhi kwanza. Nina shangazi yangu Mbweni anayeishi na mjukuu mmoja mkubwa, hana paka, naye amesema akiletewa maelezo kamili atafikiri.

Nimebakiwa na jambo moja. Jirani ameniachia mkoba wa dawa: mna chupa ya dawa ya kupe aliyopewa na mfugaji wa ng'ombe, vidonge vya Panadol kwa ajili ya homa, na mabaki ya dawa ya kupunguza uvimbe wa fizi. Vyote hivi nivitumie vipi?

Daktari wa Mifugo, Chake Chake

Dada, Panadol iondoe kwenye mkoba huo leo. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuisafisha parasetamoli, na kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima, kwa sababu damu yake hushindwa kubeba hewa. Kwa paka ambaye damu yake tayari ni chache, hata kipande ni hatari. Hakuna dawa ya homa ya binadamu ambayo unaweza kumpa kwa kukisia.

Dawa ya kupe ya ng'ombe nayo usimpake. Nyingi katika hizo zina viambato vya jamii ya pareto ya kutengenezwa maabara, kama saipamethrini, na paka akivipata hutetemeka, hudhurika neva, na huweza kufa. Hata hivyo viroboto vinahitaji kudhibitiwa kweli kweli, maana vimehusishwa na kueneza vijidudu vinavyovamia chembe nyekundu za damu na kuleta upungufu wa damu ambao, kwa paka mwenye lukemia, mtu huudhania ni virusi kumbe ni maradhi mengine yanayotibika kwa antibayotiki. Nunua dawa ya matone iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa uzito wake.

Kuhusu dawa ya uvimbe, soma jina lake na unitajie kabla ya kutumia. Zile za jamii ya steroidi hushusha kinga, na kwa paka mwenye virusi hivi hatuzitoi isipokuwa kwa sababu maalumu. Nimewahi pia kuulizwa kuhusu zidovudini, ambayo ni dawa ya VVU kwa binadamu na madaktari wa wanyama huitumia wakati mwengine kwa paka, hasa wenye vidonda vikali vya mdomo. Nayo huweza kuzidisha upungufu wa damu, kwa hiyo asiipewe bila ya daktari kumpima damu mara kwa mara.

Majawabu ya vipimo yakitoka, yaandike hapa pamoja na uzito wa jike na rangi ya fizi zake, nami nitakueleza la kufanya kwa kila mmoja wao. Mpaka hapo, chumba cha uani kiwe na sahani zake, chombo chake cha haja na kitambaa chake, na dume ahudumiwe kwanza kila asubuhi, kisha ndipo jike.